Mtoto Akishatoka

Jumatatu, 12 Januari 2004

Shule imefunguliwa. Nusu ya darasa la tano hawajaja, wako bondeni na wazazi wao wanapanda mpunga. Mvua ilianza kabla ya kengele, na paa la ofisi linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kiti changu. Mwalimu Yohana kacheka, kisha kanipisha kiti chake. Anatoka Newala, huu ni mwaka wake wa pili hapa, na bado watu wanamwita mgeni.

Jioni nimepita kwa mdogo wangu Shamimu. Tumbo limekua. Alikuwa anapeta mchele uani, na mkwewe Bi Somoe kakaa kibarazani anamtazama kama msimamizi anavyotazama vibarua. Simpendi yule mama. Naandika hapa kwa kuwa kwingine siwezi kusema. Mdogo wangu ameolewa pale, na mimi nikifika ni mgeni wa kukaribishwa kiti.

Ijumaa, 16 Januari

Nimempeleka Shamimu zahanati. Magreth, nesi wetu, na wa pekee, kampapasa tumbo, kaliangalia kovu la kisu la mwaka juzi. Kisha kasema huyu asizalie hapa. Ifikapo mwisho wa Februari awe Mtwara mjini, akae karibu na hospitali kubwa akisubiri siku yake. Kovu la upasuaji linaweza kuhimili uchungu, linaweza pia kuachia, na hakuna anayejua kabla. Binamu yetu ana chumba huko mjini, mtaa wa Ufukoni. Nimemwambia Shamimu atakwenda kula samaki wabichi kila siku, akacheka. Sijamwona akicheka muda mrefu.

Jumapili, 18 Januari

Sikutaka kuandika habari za mwaka juzi, lakini zimenikaa kooni tangu Ijumaa.

Uchungu wa mtoto wa kwanza ulimshikia Shamimu humuhumu kijijini. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili wakaingia wanawake wazima, wakitanguliwa na Bi Halima, somo yake, yule aliyemcheza unyago, wakaanza kumuuliza. Huku kwetu mtoto akikawia kutoka, hawaulizi nyonga, wanauliza zinaa. Mwanamke ataje mwanamume aliyetembea naye nje ya ndoa. Akitaja, njia inafunguka. Shamimu hakuwa na wa kumtaja. Aliapa mpaka sauti ikakauka. Walipochoka wao ndipo wakakubali apelekwe mjini. Akapasuliwa, mtoto akatolewa amekufa. Wakati ule mimi nilikuwa nafundisha Nanyumbu. Niliporudi nikakuta kijiji kizima kinasema mtoto kauawa na ukaidi wa mama yake.

Ndiyo maana niliomba uhamisho. Wenzangu wanadhani nilipenda korosho.

Jumamosi, 24 Januari

Mvua. Nimesahihisha hesabu za darasa la sita. Nimewapa maksi za huruma, Mungu anisamehe.

Jumatano, 28 Januari

Fadhili, mume wa Shamimu, ni kijana mpole, na upole wake leo umenipandisha hasira. Nimemkuta dunguni anakolinda mpunga dhidi ya viboko. Kaniambia hawezi kumpeleka mkewe mjini bila neno la mjomba wetu Nassoro. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mama yetu kafariki, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye Shamimu.

"Dada, akifia ugenini na mjomba hajui, ukoo wenu utaniuliza mimi. Nitajibu nini?"

"Akifia hapa je, nani atakuuliza?"

Akageukia mpunga wake. Mjomba Nassoro yuko ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kwa mke wake wa huko. Nimempa salamu mvushaji wa mtumbwi azifikishe: mpwao anaomba ruhusa, haraka.

Jumatatu, 2 Februari

Idi ya kuchinja. Tumeswali ndani kwa sababu ya mvua. Bi Somoe kanitengea nyama ya ubavu kwa mkono wake mwenyewe. Nikamshukuru. Nilitamani isiwe tamu.

Jumanne, 10 Februari

Mjomba kimya.

Friji ya zahanati imezimika. Inatumia mafuta ya taa, na gari la kuyaleta halijapita tangu korongo la njia ya mjini lijae. Baada ya vipindi Magreth kaniita, akafunga mlango.

"Mwalimu, nikwambie ukweli. Sindano za kuukaza mji wa mimba zinataka ubaridi. Zangu zimeshapata joto. Nikimchoma mtu leo, ni sawa na kumchoma maji."

"Na mtu akitokwa damu?"

"Ndicho nilichokuitia."

Akaniambia kuna vidonge vinaitwa misoprostol. Madukani vinauzwa kama dawa ya vidonda vya tumbo. Ni vyeupe, vina pembe sita, havitaki friji. Vimetengenezwa kiwandani kuiga kitu ambacho mwili wenyewe hukitoa ili kuuminya mji wa mimba. Hospitali aliyojifunzia, madaktari walivitumia mama akitokwa damu baada ya kujifungua, na damu ikakatika mbele ya macho yake.

"Basi tumpe mapema, awe salama," nikasema.

Magreth kanishika mkono kwa nguvu mpaka nikashtuka.

"Wewe ni mwalimu, leo nisikilize kama mwanafunzi. Mtoto akishatoka. Siyo kabla. Kabla ya hapo kidonge kinauminya mji bila kupumzika, na yeye ana kovu. Kovu likiachia amekwenda yeye na mtoto, na hapa sina kisu wala damu ya kumwongezea. Mtoto akishatoka, na mimi nimepapasa kuhakikisha hakuna pacha ndani, hapo ndipo. Rudia."

Nikarudia. Mtoto akishatoka.

Jumamosi, 14 Februari

Nimefika Mikindani. Yohana kanisindikiza kwa baiskeli yake hadi korongoni. Maji yalikuwa ya magotini, tukavuka tumeibeba, yeye mbele mimi nyuma. Ng'ambo nimepata lori la chumvi.

Duka la dawa la Maryambai lilikuwa la baba mkwe wake, na hata leo linanuka karafuu kuliko dawa. Ni mama mzima, miwani imefungwa kamba shingoni. Nikaomba vidonge.

"Vidonda vya tumbo unavyo wewe?"

"Ninavyo."

"Pilipili unakula?"

"Nakula."

"Basi huna. Nenda zako nyumbani, mwanangu."

Nikabaki nimesimama. Akavua miwani. Akasema kuna binti wa mtaa wa Rahaleo alikuja mwaka jana, akasema vidonge ni vya mama yake. Mimba ilikuwa kubwa na hakumwambia mtu. Maryambai alikwenda msibani. Mama wa marehemu akamshika mikono, akamshukuru kwa kuja kutoka mbali, na Maryambai hakuweza kufungua kinywa. Tangu siku hiyo hauzi kwa mtu asiyemjua.

Nikamweleza yote: kovu, friji, korongo, mwaka juzi. Nikampa cheti cha Magreth. Alikisoma taratibu, akaingia ndani, akatoka na vidonge. Kabla hajaniachia akaniuliza vinaliwa lini. Mtoto akishatoka, nikasema. Akanitaka niseme tena. Mwaka huu kila mtu ananirudisha darasa la kwanza.

Nimevifunga kwenye nailoni, kisha kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo. Hata msalani nakwenda navyo.

Jumapili, 22 Februari

Kijijini hakuna siri. Bi Somoe kaja hadi nyumba za walimu, miguu imejaa tope, kakataa kukaa.

"Nasikia una vidonge vya kuleta uchungu."

"Ni vya kukata damu, mama. Baada ya kuzaa."

"Mie ntu mzima, usinifunze. Wifi yangu wa mjini kanambia: ukimeza asubuhi, jua halitui hujapakata ntoto."

"Na wengine jua halitui hawajazikwa."

Akanikazia macho. "Nipe niviweke mie."

"Sikupi."

"Akikawia tena kama mwaka juzi?"

"Akikawia atapelekwa mjini."

Akageuka akaitazama mvua, halafu akanitazama mimi. "Kwa njia gani, mwalimu? Sikiliza. Nyumbani kwangu hawaji tena kumuuliza ntu. Sitaki."

Akaondoka. Ana wasiwasi na sifa ya nyumba yake, basi. Mdogo wangu apasuke ili majirani wasiseme. Nimekaa na hasira mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 26 Februari

Mjomba kimya. Mvua.

Jumatano, 3 Machi

Neno la mjomba limefika: aende. Mvushaji kasema mjomba aliugua homa, ndiyo maana. Nimekimbia kwa Shamimu, tumefunga mzigo, kanga mbili, sufuria, sabuni. Fadhili kaazima mkokoteni wa ng'ombe. Tumefika korongoni tukakuta hakuna korongo, kuna mto. Mti mzima wa mkorosho umepita mbele yetu, mizizi juu. Tukageuza ng'ombe, tukarudi.

Jumamosi, 6 Machi

Tumejaribu tena. Hatukufika hata ukingoni.

Jumanne, 9 Machi

Mvua.

Ijumaa, 12 Machi

Mvua. Unga umekwisha dukani, watu wanachimba ming'oko, viazi vya porini. Shamimu kavimba miguu. Kaniuliza, "Dada, wakiniuliza tena?" Nikamwambia nitakuwepo. Kaniuliza tena, nikamjibu hivyohivyo, na nilijiona mwongo, kwa sababu kuwepo kwangu kutawazuia kitu gani?

Jumapili, 14 Machi

Nimeota damu. Nimekagua fundo la kanga, vipo.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua.

Ijumaa, 19 Machi

Naandika ya jana.

Fadhili alikuja shuleni kipindi cha kwanza, hana viatu. Uchungu umeanza, kabla ya siku zake. Yohana aliacha darasa, wakamlaza Shamimu kwenye machela ya kitanda cha kamba, Fadhili mbele, Yohana nyuma, na wanaume wengine wa kupokezana. Tukaenda korongoni kwa mara nyingine. Fadhili akaingia majini kupima, yakamfika kifuani, akateleza, Yohana akamdaka kwa ukosi wa shati. Tukageuka. Njia nzima Shamimu alikuwa anasema samahani kwa wabebaji, kila uchungu ukipita, samahani, samahani jamani.

Magreth alitupokea zahanati. Akampima, akasema mtoto amekaa vizuri, kovu tutaliombea, sasa ni kusubiri. Uchungu ukaja kwa nguvu, kisha ukalegea. Saa sita bado uko vilevile.

Ndipo wakaja. Bi Halima mbele, kaniki kichwani, na wanawake wengine nyuma yake. Magreth akawafukuza chumbani. Wakatoka kwa adabu, wakaenda kukaa barazani, chini ya dirisha. Dirisha la zahanati lina wavu tu. Basi wakawa wanauliza kupitia wavuni.

"Mwanangu Shamimu, mie somo yako. Ntaje. Hatukupigi, hatukutukani. Ntaje tu umalize."

"Sina, somo."

"Mwaka juzi ulisema hivyo, ukazika."

Nilitoka nikawafokea maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Bi Halima hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Yule mama anaamini anamwokoa mdogo wangu. Barazani palepale walikaa Fadhili, Yohana na wabebaji wengine, wamelowa, wanatazama chini.

Niliporudi ndani Bi Somoe alinifuata. Magreth hakumzuia, ni mkwe. Alinitazama kwenye pindo la kanga.

"Mwalimu. Mpe sasa."

"Hapana."

"Mpe kimoja. Nusu."

"Magreth, mwambie."

Magreth akamwambia, taratibu, kwa heshima, habari za kovu. Bi Somoe alisikiliza mpaka mwisho. Halafu yule mama, ambaye tangu Januari sijamwona akiinama hata kuokota ufagio, alipiga magoti sakafuni akanishika miguu.

"Nakuomba. Watantoa roho kwa maswali. Mpe amalize kabla hajasema."

Sikuelewa. Nilidhani ni aibu tu inayomsukuma. Nikaivuta miguu yangu.

Shamimu naye akasikia. Akanyoosha mkono kutoka kitandani, akashika pindo la kanga yangu, palepale penye fundo, kidole juu ya vidonge. "Dada. Nipe." Nikamwambia siwezi. Nikamwambia mtoto akishatoka. Akasema hatatoka, nipe, nakufa hivi hivi. Nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja. Mimi niliyemlea, niliyemfundisha kufunga kanga, nilivibandua vidole vyake.

"Basi wewe si dada yangu," akasema.

Nje wanauliza. Ndani analia. Mvua juu ya mabati. Mara tatu mkono wangu mwenyewe ulikwenda kwenye fundo. Nilijiambia kimoja hakitadhuru. Nilijiambia Magreth ni nesi tu, pengine kakosea. Nilijiambia mengi. Sikulifungua.

Magreth alimpima tena, akaniambia kwa macho kwamba mambo yanakwenda, akatoka kuchukua vyombo jikoni vilikokuwa vinachemka. Uchungu mkubwa ukaja, mkubwa kuliko yote. Na Bi Halima dirishani: "Ntaje, mwanangu, ntaje!"

Shamimu akapiga kelele: "Yohana! Mwalimu Yohana!"

Barazani vichwa vikageuka. Kisha vigelegele. Wanawake walipiga vigelegele, wakashukuru, Bi Halima akalia kwa furaha. Nikachungulia. Yohana kasimama na tope lake hadi mapajani, mdomo wazi. Fadhili kasimama pia. Hakumgusa Yohana. Alishuka ngazi, akaingia mvuani, akaenda.

Magreth alirudi akikimbia, na kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana.

"Wanasema kataja, njia imefunguka," nikamwambia.

"Njia nilishaikuta wazi kabla sijakwenda jikoni. Hata angemtaja Firauni mtoto angetoka. Shika mguu."

Mtoto akatoka. Wa kiume, akalia hapohapo. Kondo likafuata. Nikasema alhamdulillahi, na sikumaliza, kwa sababu damu ilianza. Sijui niiandikeje. Ilitoka bila sauti. Ilijaza beseni, ikashuka kitandani, ikafika miguuni kwangu ikiwa na joto. Midomo ya Shamimu ikawa myeupe, akazimia. Magreth alichoma sindano zake zilizopata joto, hakuna kitu. Akawa anasugua tumbo kwa nguvu zote.

"Vidonge! Mwalimu! Sasa!"

Nilikwenda kwenye fundo. Lilikuwa limelowa na kukaza na vidole vyangu vilikuwa vya mtu mwingine. Nilivuta, likakaza zaidi. Bi Somoe akanipokonya pindo, akaling'ata kwa meno, akalichana, akamkabidhi Magreth nailoni huku kipande cha kanga bado kiko mdomoni.

Magreth akavichukua akaviweka kwa njia ya nyuma, akasema kwa mdomo mtu aliyezimia atapaliwa. Kisha akaendelea kusugua, mimi na Bi Somoe tumeshika miguu, mmoja huku mmoja kule. Bi Somoe alikuwa anasoma Kulhuwallahu bila kukoma. Mimi sikuweza kusoma chochote. Nilisema Shamimu, Shamimu, tu.

Baada ya muda Magreth akauchukua mkono wangu akauweka tumboni kwa Shamimu. "Papasa." Chini ya kitovu palikuwa pagumu kama embe bichi. Damu ilikuwa inachuruzika, haimwagiki tena. Kisha haikuchuruzika.

Yuko hai. Asubuhi hii kanywa uji. Hajanitazama.

Jumapili, 21 Machi

Mtoto hajaadhiniwa. Fadhili yuko dunguni, hataki kushuka. Sheikh Abdallah kajitolea kuja kumwadhinia yeye, na hakuna ubaya katika dini. Bi Somoe kakataa. Kasimama mlangoni akasema ntoto huyu ana baba, ataadhiniwa na baba yake. Nimemwambia Fadhili haji. Kanijibu, "Umenisikia."

Jumatatu, 22 Machi

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kusema ni uongo, kwamba njia ilikuwa wazi kabla. Nimemchukua Magreth, naye kasema. Wanatusikiliza, wanatukaribisha karanga. Kisha wanasema: lakini alipotaja, si alizaa? Ushahidi wao upo, unanyonya.

Vijana wameupiga mawe mlango wa Yohana.

Jumanne, 23 Machi

Yohana ameondoka. Mwalimu mkuu kampa ruhusa mpaka mambo yapoe, yaani asirudi. Nimemfuata njiani. Nikataka kumwomba radhi, sikujua kwa niaba ya nani.

"Nilibeba machela, Zuhura," akasema.

"Najua."

"Nilibeba machela."

Akapanda baiskeli. Maji ya korongo yamepungua tangu jana. Kama yangepungua wiki moja kabla, nisingekuwa na haya ya kuandika.

Jumatano, 24 Machi

Shamimu kasema nami kwa mara ya kwanza, uso kaugeuzia ukutani. Nilimuuliza kwa nini Yohana.

"Nilitafuta mtu asiye na ndugu hapa. Ningemtaja wa hapa, watoto wake wangetukanwa."

Akamvuta mtoto karibu. Kisha: "Ungenipa, nisingesema."

Ningempa, huenda nisingekuwa na wa kunilaumu. Lakini jambo hilo huwezi kumwambia mtu aliyelala na kovu jipya juu ya la zamani, hata kama la sasa halionekani.

Jumamosi, 27 Machi

Mjomba Nassoro kavuka mto, kakonda kwa homa. Kesho kikao. Fadhili kaleta neno kwamba ataandika talaka. Nimelia jikoni mpaka moshi ukasingiziwa.

Jumapili, 28 Machi

Tulikaa ukumbini kwa Bi Somoe: mjomba, Sheikh Abdallah, Bi Halima na wanawake wenzake, mimi, Fadhili karibu na mlango. Shamimu alikuwa chumbani na mtoto, pazia tu katikati.

Mjomba akamuuliza Fadhili neno lake. Akasema hana ugomvi na mtu. Mkewe kasema mwenyewe, mbele ya watu, yeye kasikia kwa masikio yake. Mtoto atalelewa, lakini si wake.

Nikaanza kusema habari za kovu na njia kuwa wazi. Mjomba akanyanyua mkono, mwalimu umeshasema. Ndipo Bi Somoe, aliyekuwa anamimina kahawa, akaweka chini birika. Hakusimama. Alisema akiwa vilevile, amekaa kwenye mkeka.

"Fadhili. Siku uliyozaliwa weye, mie nilikaa na uchungu wako mpaka nikaona marehemu babu yangu ananiita. Bibi yake Halima huyu ndiye aliyeniuliza. Nikantaja Selemani, mchuuzi wa chumvi. Ntu wa Kilwa. Nilintaja kwa kuwa hakuwa na ndugu hapa."

Bi Halima akasema, "Ya Allah, dada."

"Sikupata kumjua Selemani hata kwa salamu. Nilinunua chumvi yake mara moja, na pesa alipokea baba yako. Walimpiga. Wakaimwaga chumvi yake mtoni, akaondoka na gunia tupu. Weye ukatoka baadaye, kwa kuwa ulikuwa unatoka. Wakasema unaona? Nami nikanyamaza. Ningekanusha ningerudishwa kwetu na kichanga mkononi."

Mjomba Nassoro alikuwa ameshika kikombe, hakinywi.

"Ulikuwa ukiniuliza, ntoto mdogo weye, kwa nini baba hakupakati, anawapakata wadogo zako. Nikakwambia baba ana mgongo. Hakuwa na mgongo. Amekufa hajakuita mwanangu. Na weye ni wake, wallahi ni wake, miguu ileile." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Vile vidonge nilivitaka amalize kabla hawajamtoa neno. Mwalimu akaninyima. Sasa nimeelewa kwa nini alininyima. Lakini na mie muelewe nilikuwa nakimbia nini."

Mimi niliyeandika kwenye daftari hili kwamba yule mama anajali sifa ya nyumba yake. Leo sifa hiyo kaitoa mwenyewe, mbele ya watu, kaiweka kwenye mkeka. Niliona haya kumtazama.

Bi Halima alijitanda kanga usoni, mabega yakitikisika. Sijui ni wangapi amewauliza maisha yake yote. Nadhani alikuwa anawahesabu.

Fadhili alitoka bila kuaga. Hapakuandikwa kitu.

Jumatatu, 29 Machi

Fadhili kaja asubuhi, katawadha uani, kaingia chumbani. Kampokea mtoto kwa mama yake. Kaelekea kibla, kaweka mdomo sikioni mwa mtoto, kaanza kuadhini. Sauti ilimkatikia katikati. Akaanza upya, akafika mwisho, akamgeuza mtoto akamsomea ikama sikio la kushoto. Bi Somoe alikuwa uani anafua nepi, kasimama nayo mkononi ikichuruzika maji.

Kisha akakaa chini na mtoto mapajani, akawa hampi mtu.

Shamimu akaniita. "Dada." Mara ya kwanza aniite hivyo tangu siku ile.

"Abee."

"Nenda Newala. Ukamlete Yohana. Nitasema mbele ya wote kwamba nilimsingizia. Hapahapa barazani, na Bi Halima awepo."

Fadhili kasema, bila kuondoa macho kwa mtoto, kwamba atakwenda na mimi. Mwalimu mkuu kanipa ruhusa. Lori linapita kesho alfajiri, korongo sasa ni la magotini. Nimefunga kanga moja na mkate wa mihogo. Nimejaribu kupanga nitakachosema nikifika mlangoni kwa Yohana, na kila sentensi inaishia kwenye ile machela. Sijui kama atatufungulia.